Joho la Baba Halijafuliwa

Kila asubuhi Nélida aliwakatia majani simbilisi, wanyama wadogo waliofugwa pale jikoni, akachemsha viazi, kisha akaenda shule. Tangu baba yake azikwe, alijikuta anapika viazi vingi mno. Mama alikuwa ametangulia zamani, na shangazi Domitila alikuja kulala tu. Nyumba ilimwelemea kwa ukimya.

Siku ya tano baada ya mazishi ilikuwa ya kufua. Huko kwao milimani, nguo zote za marehemu hufuliwa mtoni siku hiyo, ndipo wanawe wagawane, naye aende zake kwa amani. Shangazi alizipanga juu ya mawe. Joho la sufu halikuwepo.

"Baba alisema joho ni la Wilber," alisema Hermelinda, dada mkubwa aliyeolewa kijiji cha pili. Ulimi wake haukuwa na breki. Akamgeukia kaka yao, aliyefika kutoka mji mkuu, Lima, kaburi limeshafunikwa. "Umeshalitia kwenye begi, siyo? Hata lifuliwe hukusubiri."

"Mazishi yenyewe nimeyakosa, dada, nije kuiba nguo?"

"Wewe ukija ni kuchukua tu. Tumekuzoea."

Wilber akalitupia begi begani. "Basi shamba gawaneni nyinyi. Narudi leo, na hapa hamtaniona tena."

Nélida alisimama majini. Joho alilificha yeye, chini ya magunia ya viazi. Kila akitoka shule alizamisha uso humo, akanusa moshi na jasho la baba. Likifuliwa, angebaki na nini? Lakini kaka alikuwa naye huyo mmoja tu, na sasa anaondoka.

"Kaka, ngoja. Ninalo mimi. Bado lina harufu ya baba."

Hermelinda akainamisha kichwa. "Nisamehe, Wilber."

Wilber aliweka begi chini. "Mimi hata uso wa baba sikuuona," alisema. "Kalilete, mdogo wangu."

"Kumlilia baba si kosa, mwanangu," shangazi alimwambia Nélida. "Kosa ni kunyamaza ndugu yako akiitwa mwizi, na wewe unajua ukweli. Uchungu ukikuzidi, sema. Sote tunao."

Joho lilipofika, ndugu wote watatu walilinusa kwa zamu. Kisha Wilber akashika upande mmoja, Nélida mwingine, wakalitosa. Maji yakatoka meusi kwa moshi. Nélida akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, na hakulia peke yake.