Giaboksi ya Gia Sita

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi ya pili ya Aprili, Arlene Dombeck alifungua mlango wa gereji ya mumewe, Virgil, mjini Flint akamkuta kalala kifudifudi kando ya benchi, spana kubwa imetupwa karibu na kichwa chake. Virgil alikuwa na miaka sitini na sita. Mwili haujapoa. Gari alilokuwa akilishughulikia, Chevelle nyekundu ya mwaka 1970, halikuwepo.

Sajini Renata Oyler alifika baada ya dakika ishirini na tano. Baba yake alitumia miaka thelathini kufunga milango ya magari kiwandani, kwa hiyo gereji haikuwa ngeni kwake. Aliizunguka mara mbili, mikono mfukoni. Mlango haukuvunjwa. Sakafuni palikuwa na kipande cha bati jekundu kilichokatwa kwa grainda, kingo zake bado zinang'aa. Kwenye benchi kulikuwa na daftari la kazi lenye madoa ya grisi. Maandishi ya mwisho yalikuwa mistari miwili: *Alhamisi: Delmar kakubali sita. Ijumaa, saa kumi: propela shafti kwa Sorensen, Bay City.*

Alilifunga, akatoka nje.

Gus Lindhout, mwenye biashara ya kuvuta magari mabovu upande wa pili wa barabara, alikuwa akimngoja kabla hajaitwa.

"Mimi nimeona kila kitu, Sajini. Saa kumi na mbili na robo. Delmar Pruitt, mwenye gari, katoka nalo mbio kama anafukuzwa."

"Una hakika ni yeye?"

"Kofia yake ile ile. Nikamsikia anapachika gia: ya kwanza, ya pili, mpaka kwenye kona kaweka ya tatu. Nikasema kumbe Virgil kamaliza kazi."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Aa! Jumatano walizozana mpaka nikawasikia kwangu. Virgil anataka kumwekea giaboksi ya gia sita, Delmar anataka ya gia tano. Delmar akapiga meza: 'Gari la marehemu baba yangu halikatwi sakafu!' Virgil akanywea. Ikawa tano."

Renata aliandika yote, pamoja na saa.

Delmar aliletwa kituoni saa nne. Alikuwa fundi wa umeme wa miaka thelathini na minane, na macho yake yalikuwa mekundu kabla hajaulizwa neno.

"Saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Peke yangu. Najua linavyosikika, dada."

"Niambie kuhusu Jumatano."

"Nilimpigia kelele, sikatai. Giaboksi ya otomatiki ilikufa, na mimi nilitaka gia za mkono, maana baba alitamani hivyo miaka yote. Ya gia tano inaingia pale pale, na propela shafti ile ile ya zamani, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu. Hukati kitu. Lakini injini tumeiongezea nguvu, na Virgil akaniambia, 'Kijana, hiyo ya gia tano utaisaga kabla ya Krismasi.' Ya gia sita ni imara, ila ni nene na ndefu. Lazima ukate sakafu, na shafti uifupishe."

"Halafu?"

"Nikakosa usingizi. Alhamisi nikampigia simu nikamwambia kata, mzee, wewe ndiye unayejua." Akafuta pua kwa mkono. "Sikuwahi kumwomba radhi ana kwa ana."

"Nani mwingine alijua umebadili nia?"

"Nani tena? Tulizungumza sisi wawili tu."

Msaidizi wa Renata alitaka Delmar awekwe ndani papo hapo. Shahidi yupo, ugomvi upo, tena hana wa kumthibitishia alikolala. Renata alisema angoje, akapiga simu Bay City. Sorensen, fundi wa kukereza vyuma, alijibu huku mashine ikilia nyuma yake. Ndiyo, propela shafti ya Virgil anayo. Aliileta mwenyewe jana ifupishwe, ataichukua Jumatatu.

"Bila hiyo, gari linaweza kutembea?" Renata aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Mama, injini itanguruma mpaka mafuta yaishe na magurudumu hayatasogea hata inchi."

Saa nane mchana alirudi kwa Gus, nyuma yake askari wawili. Gus alikuwa anakula sandwichi karibu na lori lake.

"Rudia ile ya kona, Gus."

"Kaweka gia ya tatu, kama nilivyokwambia."

"Gari lile halikuwa na propela shafti. Iko Bay City tangu jana. Ulisikia ugomvi wa Jumatano, hukusikia simu ya Alhamisi. Ulidhani ni gia tano na shafti ya zamani iko mahali pake. Lile halikuendeshwa, Gus. Lilivutwa kwa winchi. Na hapa mwenye winchi ni wewe."

Gus aliiweka sandwichi chini taratibu.

Hakukana kwa muda mrefu. Gari lilikuwa ndani ya banda alilolikodi nje ya mji, limefunikwa turubai. Mnunuzi wa Arizona alikuwa akiulizia Chevelle kama ile bila kujali hati. Ufunguo wa gereji Gus alikuwa nao miaka kumi na tisa, alipewa na Virgil mwenyewe, jirani kwa jirani. Alihesabu kwamba Virgil hufungua saa moja.

"Leo kawahi kuja kuchomelea ile sakafu," alisema. "Nami sikujua kuna sakafu ya kuchomelea."

"Akakukuta. Mkapigana?"

Gus alitikisa kichwa.

"Alidhani Delmar kanituma. Akasema, 'Gus, utalikwaruza hivyo, ngoja nikushikie usukani.' Akanipa mgongo, akaufungua mlango wa dereva."

Renata alimtia pingu, akamkabidhi kwa askari. Kisha aliendesha gari hadi kwa Arlene, akaketi naye jikoni, na alipoulizwa kama Virgil aliogopa, alijibu kwamba hapana, hakuogopa kabisa, na hilo lilikuwa kweli.