Pasi ya Fundi

Jamani, sikieni haya! Fundi cherehani mmoja alikuwa anashonea nguo sebuleni kwake. Aliishi na mtoto wa kaka yake, binti waliyemwita Kidoti. Kidoti ana pumu.

Zamani walipikia ndani, kwa mkaa. Hospitali wakasema, "Toeni jiko nje." Fundi akalitoa siku hiyo hiyo. Lakini wapi! Kidoti akazidi kukohoa. Kifua kikawa kinapiga filimbi.

Mchana mmoja, nesi jirani akaja kuchukua gauni lake la kazi.

"Hodi, Fundi! Mbona umejifungia kama mwizi?"

"Ingia haraka, shoga, ufunge mlango! Upepo utamwaga majivu kwenye gauni lako jeupe."

Fundi alikuwa anapiga pasi, ile ya mkaa. Pembeni Kidoti anakunja nguo. Ghafla shati likamdondoka. Mdomo wazi, pumzi haitoki!

"Mungu wangu!" Fundi akapiga kelele.

Nesi akambeba mtoto mpaka nje, akamkalisha wima. "Dawa yake ya kuvuta iko wapi? Lete! Isipomtuliza, mbio hospitali!"

Kidoti akavuta dawa. Akavuta tena. Taratibu, pumzi ikarudi.

Nesi akamgeukia Fundi. "Jiko umelitoa nje. Na hilo la mkononi je?"

"Lipi?"

"Pasi! Kwani ndani yake kuna nini?"

Fundi akakaa chini pwaa. "Lakini mkaa umeshika moto wote! Hauna hata moshi!"

"Moshi huuoni, ila hewa ya sumu ipo. Na umefunga kila kitu, itoke wapi? Hata wewe ungekufa humo."

"Yaani... nilikuwa namfukiza mtoto wa kaka yangu mwenyewe?"

"Hukujua. Sasa pasi iwashwe nje, ipigwe nje, mbali na mlango. Madirisha wazi. Na dawa isikae mbali naye."

Jioni ile ile Fundi akahamishia meza uani. Wateja wakalalamika kuhusu vumbi. Akawajibu, "Vumbi nitakung'uta. Kidoti ninaye mmoja tu."

Wiki zikapita, filimbi ya kifuani ikapotea. Asubuhi moja Kidoti akagombana na mwenzake kuhusu kamba ya kuruka. Alifoka, maneno marefu, sauti juu, bila kusimama kuvuta pumzi!

Fundi akaduwaa, pasi ameiinua hewani. "He! Kumbe huyu mtoto ana mdomo hivi?"

Nesi, aliyekuwa anapita kwenda kazini, akacheka. "Ndiyo kwanza unamsikia."