Damu Kwenye Mswaki

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kasuku aliingia bafuni na kuukagua mswaki wake kama askari wa getini anavyokagua mizigo. Nyumbani walimbandika jina hilo kwa sababu ya kusema bila kituo, lakini siku hizi alikuwa kimya, na kimya chake kilikuwa na jambo. Kwenye mswaki kulikuwa na doa la damu iliyokauka.

Hakuwa na shaka ni nani. Binamu yake, binti wa mjomba, alihamia kwao baada ya mjomba kupata kazi ya mbali. Kabla hajaja, mswaki haukuwa na doa. Kasuku aliusuuza kwa kinyaa, akasukutua mdomo kwa maji matupu, akaenda zake shule.

Jioni alipiga mswaki harakaharaka, mbele tu. Nyuma kulikuwa kunamuuma, na taa ya bafuni ilikuwa imeungua, kwa hiyo hata alichotema hakukiona. Kisha akaufunga mswaki kwenye leso na kuuficha ndani ya mkoba wa shule. Asubuhi akaufungua. Doa lilikuwepo.

“Kumbe ni mjanja kuliko nilivyodhani,” alinong'ona.

Wakati wa kunywa chai alishindwa kuvumilia. “Mama, kuna mtu anatumia mswaki wangu. Kila asubuhi naukuta na damu.”

“Mtu gani?” mama aliuliza. “Humu ndani tuko watatu, na mimi wangu naujua.”

“Basi aliyebaki ajitaje.”

Binamu aliweka kikombe chini. “Shangazi, mimi nina mswaki wangu. Sijawahi kugusa wa mtu.”

“Mwongo hakosi la kusema,” Kasuku alimkata.

Binamu aliinuka, akaenda chumbani, akaanza kupanga nguo zake kwenye begi. Alitaka kurudi kwa baba yake, hata kama huko angeshinda peke yake chumbani. Kasuku alisimama mlangoni akimtazama. Alitegemea kufurahi, lakini furaha haikuja.

“Haondoki mtu hapa,” mama alisema, “mpaka tujue damu hii ni ya nani.”

Akawapeleka wote wawili kwa daktari wa meno, mwanamke mcheshi mwenye kioo kidogo cha mpini mrefu. Kasuku alitaka binamu aanze. Daktari alichungulia kinywa chake taratibu.

“Safi kabisa,” alisema. “Ufizi mzuri unakuwa hivi, umekaza na kulishika jino kama ukosi wa shati unavyoshika shingo. Haya, mwenzake.”

Kasuku alipanua mdomo bila wasiwasi. Daktari akagusa ufizi kidogo tu kwa pamba, nayo ikatoka nyekundu. Akampa kioo ajionee. Fizi zake zilikuwa zimevimba, na huko nyuma kipande cha ufizi kilikuwa kimelifunika gego nusu.

“Gego hili linaota,” daktari alieleza. “Jino likiota hupasua ufizi, na kwa muda kipande hubaki juu yake. Baadaye ufizi hurudi chini na kulizunguka jino vizuri. Lakini chakula kikinasa chini ya kipande hicho, na wewe ukakwepa kupiga mswaki kwa sababu panauma, uchafu hujikusanya na fizi huvimba. Zikivimba, zinatoa damu.”

“Kwa hiyo damu ni yangu?” Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo.

“Ya nani tena? Nitakusafisha sasa hivi. Nyumbani piga mswaki taratibu mpaka nyuma, asubuhi na jioni, kisha mrudi nikuangalie.”

Walipotoka nje, aibu ilimjaa Kasuku. “Binamu, nisamehe,” alisema. “Nilikuita mwongo, na wewe ulikuwa unasema kweli. Usiondoke.”

Mama aliwashika mikono wote wawili. “Mwanangu, ulikuwa na haki ya kuuliza damu imetoka wapi. Kosa lako ni kwamba ulipata jibu kabla ya kuuliza. Ukamvizia mwenzako siku zote hizo, na kinywa chako mwenyewe hukukitazama hata mara moja. Karibu umfukuze mtu nyumbani kwa ugonjwa wako.”

Kasuku aliinamisha kichwa. Binamu akatabasamu.

“Nitakaa,” alisema. “Ila mswaki wako usiuweke karibu na wangu.”