Maji Ndani ya Chujio

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alishuka gatini kuosha boti ambayo mama yake aliitumia kuvusha abiria mtoni. Aliimwagia maji ndoo kwa ndoo huku akipiga soga na kila aliyepita. Jina hilo hakupewa bure.

Wiki ile injini ilianza visa. Siku tatu mfululizo ilizimika katikati ya mto, abiria roho mkononi, mama akivuta kamba ya kuwashia mpaka mikono ikamfa ganzi.

Asubuhi ya nne, Jumamosi, Chiriku alimkuta Baba Mapacha, mvushaji mwenzao, ameinama ndani ya boti yao, mkono juu ya tangi la petroli.

"Unafanya nini hapo?"

"Nawarekebishia kidogo, binti yangu," alijibu, akaenda zake.

Arekebishe nini, na nani kamtuma? Kufika adhuhuri, gati zima lilikuwa limeshasikia kwa Chiriku kuwa Baba Mapacha anawahujumu. Abiria wakaanza kumkwepa.

Mama alimwita fundi, mwanamke asiyependa maneno mengi. Fundi hakugusa injini. Alimkabidhi Chiriku spana.

"Mnaniita kila siku kwa kazi ya dakika kumi. Leo fungua mwenyewe. Hicho kikombe ndicho chujio la mafuta. Taratibu."

Chiriku alifungua, akamimina yaliyomo kwenye chupa safi. Petroli ilielea juu. Chini yalituama maji.

"Si nilisema! Ametutilia maji!"

"Yameingilia wapi?" fundi aliuliza. "Tafuta."

Chiriku alipapasa tangi hadi kwenye kifuniko, kidole kikagusa kiskrubu kidogo. "Hiki cha nini?"

"Cha kupitisha hewa. Safarini hufunguliwa, boti ikiegeshwa hufungwa."

"Mie sijawahi kukifunga," mama alisema polepole.

Chiriku alitazama ndoo yake. Kumbe kila alasiri alikuwa akiinywesha injini maji! Na asubuhi ile Baba Mapacha alikuwa akikifunga kiskrubu walichokiacha wazi.

Walimwaga mafuta machafu kwenye dumu, wakakausha tangi, wakasafisha chujio na plagi. Kamba ilivutwa mara moja tu, injini ikanguruma.

Chiriku angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini ng'ambo ya gati Baba Mapacha alikuwa amekaa peke yake kwenye boti tupu. Chiriku alimwendea mbele ya watu wote.

"Baba, nilikusingizia. Maji niliyatia mimi, kwa ndoo yangu."

Baba Mapacha aliinuka botini.

"Niwaharibie injini ya nini? Yangu ikizimika, ni nani atakayenivuta?" Kisha akacheka. "Haya, waambie na hili, kwa sauti ileile."

Chiriku aliwaambia, tena kwa sauti kubwa zaidi. Mama alimshika bega.

"Mimi nilikuwa na boti nisiyoijua, nawe ulikuwa na habari usiyoijua," alisema. "Kuanzia leo, mwanangu, tutafungua injini kwanza. Mdomo baadaye."