Vita Vilivyopikwa Ulumbwe

Zama zile baruti ilikuwa haijajua njia ya bara, na heshima ya mwanamume ikipimwa kwa upanga wa kiunoni na kilemba cha kichwani. Ndipo mji wa Kiungwi ulipopeleka msafara wake wa kwanza hadi Ulumbwe, nchi ya pembe na shaba. Mkuu wa msafara alikuwa Mwinyi Mzale, mtu wa joho la hariri na maneno makali. Wa pili kutajwa, lau wanaotaja mambo wangekuwa na haki, ni Siwatu binti Sadi, mpishi wake. Alikuwa mwanamke huru, aliyeifuata safari kwa kuwa mumewe, Jongo, ndiye kirangozi, mwonyesha njia. Mamake Jongo alikuwa Mlumbwe, na Siwatu alikuwa ameiokota lugha ile kwa mumewe.

Mtemi Kasanda aliwapokea vyema. Aliwatengea nyumba ndani ya boma lake la magogo, akawaandalia ugali wa mtama kwa mlenda. Mwinyi Mzale akamega tonge, mlenda ukamvutika kidevuni, akatema mbele ya wenyeji.

"Hiki chakula cha watumwa," akasema, akajifuta kwa ncha ya kilemba.

Mgeni gani huyo? Hata mbwa hulinusa tonge kabla ya kulikataa!

Mtemi alilimeza tusi lile, maana desturi ya Ulumbwe humpa mgeni naye siku yake ya kupika. Siku ya pili Siwatu akapika wali kwa tui la mbata zilizobebwa kutoka pwani, ukanukia boma zima. Akaufunika kwa kawa, akaupeleka barazani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ulumbwe, aliyepika ndiye alaye tonge la kwanza mbele ya watu, aonyeshe kwamba hakutia sumu wala uchawi. Kiungwi, mpishi akitia mkono katika sinia la wakubwa amewavunjia heshima. Jongo alimnong'oneza Mwinyi Mzale desturi ya wenyeji, na Siwatu akanyoosha mkono.

"Rudisha mkono wako!" Mwinyi Mzale akanguruma. "Mwacha mila ni mtumwa!"

Mtemi akalitazama lile sinia. "Chakula ambacho mpishi wake anakatazwa kukila," akasema taratibu, "mimi nalijua jina lake."

Mishale ikatoka podoni, milango ya boma ikafungwa, na Jongo akatiwa kamba kwa kuwa ndiye aliyewaleta. Mtemi akahukumu kwamba mwezi ukiandama Jongo atakufa, ila wageni wamlishe yeye Mtemi chakula kisicho na shaka.

Na Mwinyi Mzale alifanya nini? Alichomoa upanga, akawaongoza watu wake kuvunja mlango wa nyuma. Mishale ikawarudisha mbio, naye akaangukia ua wa miiba, kilemba kikabaki huko. Hivyo ndivyo vita vyote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Siwatu alikwenda jikoni kwa Kabula, mkuu wa wapishi wa Mtemi, akapiga goti.

"Mama, nifundishe mapishi yenu."

"Bwana wenu ameutema mkono wangu," Kabula akajibu bila kuinua macho. "Ugali ule niliusonga mimi."

"Najua, mama. Aibu ile nimekuja nayo. Lakini shingo itakayokatwa ni ya mume wangu."

Kabula akamsukumia jiwe la kusagia.

Basi mpishi aliyesifiwa Kiungwi nzima akawa mwanafunzi. Unga wake wa kwanza ulijaa chenga, ugali ukawa madonge matupu. "Huu ni uji uliokasirika," Kabula akacheka, akawamwagia kuku. Mlenda nao ukamshinda, kwani alizoea kukaza mchuzi kwa tui, hakujua maji ya majivu yanavyolainisha majani. Viganja vikamtoka malengelenge. Hata hivyo akajua kusonga ugali ukaachana na chungu, akajua kuchemsha njugu mawe zikaiva. Naye akamwonyesha Kabula kukuna mbata na kukamua tui. Kabula akalamba kidole, akafikiri, akalamba tena.

Mwinyi Mzale alimkuta Siwatu akipepeta mtama na wanawake wa boma, akaghadhibika. "Unatudhalilisha! Umekuwa mshenzi?"

"Bwana," Siwatu akasema, ungo mkononi, "ulitema tonge moja, na mume wangu amefungwa kwa mate yako. Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Kama hilo lilikushinda, ungekaa kwenu."

Mwezi ulipoandama, alipeleka barazani ugali wa mtama, mlenda, na njugu mawe zilizoungwa kwa tui. Hakumwomba mtu ruhusa. Akamega, akachovya, akala mbele ya Mtemi na mikuki yake. Kisha akamega tonge jingine, akamwelekea mkuu wa msafara.

"Nawe, Bwana."

Mwinyi Mzale aliitazama mikuki, akala. Safari hii alimeza.

Mtemi akala baada yao, akarudia njugu mara ya pili. "Nani kakufundisha?"

"Kabula."

"Nawe umemfundisha nini?"

"Hizo unazorudia, Mtemi."

Baraza zima likaangua kicheko. Jongo akafunguliwa palepale, na msafara ukapewa njia.

Kiungwi wakasikia nini? Wakasikia kwamba Mwinyi Mzale aliliteka boma la Ulumbwe kwa upanga. Utenzi ukatungwa, wenye farasi ambao hawakuwapo na damu ambayo haikumwagika. Watu huusoma wakitikisa vichwa kwa fahari. Mimi wanitia kichefuchefu. Katika beti zote zile hamna chungu hata kimoja, kana kwamba majeshi hula upepo!

Siku utenzi uliposomwa mara ya kwanza, wakubwa wa mji walialikwa kwa Mwinyi Mzale, na Siwatu akaagizwa apike. Wakubwa wakanawa, wakaketi, wakasikiliza beti za kuvunjwa kwa mlango hadi mikono ikawakauka. Jikoni hakukufuka moshi. Mjumbe akatumwa kwa Siwatu, akamkuta nyumbani akila na Jongo.

"Bwana auliza, chakula ki wapi?"

Siwatu akamaliza tonge lake. "Mwambie aliyeshinda Ulumbwe kwa upanga, na upanga huo umpikie."

Mjumbe akarudi, akayasema maneno hayo mbele ya wote kama alivyopewa. Wakubwa wakavaa makubadhi yao, wakaenda zao na njaa.