Watoto Waliosema Ndiyo

Jumamosi asubuhi Yudith alifungua dirisha la chumba cha watoto maktabani. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya kabichi. Alifagia, akatandika mkeka, akapanga vitabu vidogo mbele na vikubwa nyuma. Kisha akaketi kwenye kiti kirefu, akavaa miwani, akangoja.

Maktaba hiyo ya umma ni ndogo. Ipo kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lushoto mjini. Yudith alikuwa ameajiriwa hapo ili awasomee watoto. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto ishirini na sita. Ya pili, kumi na tisa. Leo walikuja wanne.

"Shikamoo mwalimu!" walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Aliwasomea hadithi ya mbuzi aliyepanda basi. Alisoma vizuri, bila kukwama. Alipomaliza akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

"Mmeipenda?"

"Ndiyooo!"

"Mtakuja tena?"

"Ndiyooo!"

Wakatoka mbio. Yudith alibaki anautazama mlango. Wale ishirini na wawili wengine nao walisema ndiyo. Mbona hawakuja? Je, ni waongo? Hapana. Aliwajua wazazi wao.

Bwana Jafari, mkuu wa maktaba, akaingia.

"Mama Alen, leo wangapi?"

"Wanne."

Bwana Jafari alikuna kidevu. "Wanafunzi wa kidato cha nne wananiomba meza za kujisomea. Mwezi ukiisha bila watoto, nitawapa chumba hiki. Sitaki kukuonea, lakini chumba kitupu sina pa kukitetea."

Zilibaki Jumamosi tatu.

Nyumbani, Yudith alimsimulia mumewe Kristian wakimenya viazi.

"Labda unawatisha na hiyo miwani," Kristian alisema. "Hata mimi huwa naogopa ukiniangalia nayo."

"Nakuuliza jambo la maana, Baba Alen, wewe unacheka."

"Basi kamuulize Witness. Yeye kutwa yuko na watoto."

Witness ni jirani yao. Ni nesi wa kliniki ya watoto. Alimsikiliza Yudith mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ukishasoma unawauliza nini?"

"Nawauliza kama wameelewa."

"Wanajibu?"

"Wote wanasema ndiyo."

"Ulitaka waseme nini? Mtoto wa huku amwambie mtu mzima hapana? Mama yake akisikia, ataruka na kijiko cha ugali."

"Kwa hiyo wananidanganya?"

"Hawakudanganyi. Wanakuheshimu."

Yudith alichanganyikiwa zaidi. "Sasa heshima imekuwa kosa?"

"Heshima haina kosa. Kosa ni swali lako." Witness alivuta kigoda karibu. "Mimi pia nilikosea. Nilimweleza mama mmoja jinsi ya kukoroga dawa ya mtoto anayeharisha. Pakiti moja, lita moja ya maji safi. Nikamuuliza, umeelewa? Akasema, ndiyo nesi. Kesho yake nikakuta amekoroga pakiti nzima kwenye kikombe kimoja! Tangu siku ile siulizi hivyo. Nasema, nionyeshe utakavyofanya. Usiulize swali ambalo heshima peke yake inaweza kulijibu."

"Niulize vipi?"

"Uliza jambo ambalo ndiyo haitoshi. Kisha ungoje. Hesabu mpaka kumi moyoni. Na shuka kwenye hicho kiti, kaa nao mkekani. Wape vitabu wavishike."

"Wakivichafua?"

"Kitabu kisichoshikwa kinamfaa nani, dada yangu?"

"Na wale wadogo ambao Kiswahili hakijawakaa vizuri?"

"Waache waanze kwa Kishambaa. Wewe unakijua. Kiswahili kitafuata."

Yudith alirudi nyumbani hajui kama ameelewa. Bahati nzuri hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi iliyofuata walikuja watatu. Yudith aliketi mkekani. Watoto walisogea mbali, kana kwamba mkeka umewaka moto. Akasoma ile hadithi ya mbuzi. Kisha akauliza, "Ungekuwa wewe ndiye kondakta, ungemfanya nini mbuzi huyu?"

Kimya. Akahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba alitamani kusema jambo lolote. Alipofika tisa, msichana mmoja aitwaye Dotto alinong'ona kwa Kishambaa.

"Sema mwanangu, nasikia," Yudith alimjibu kwa Kishambaa vilevile.

Macho ya Dotto yalifunguka. Akarudia kwa Kiswahili, "Ningemdai nauli."

"Mbuzi hana mfuko!" mwenzake akadakia.

"Basi ningemshusha Mombo!"

"Mombo kuna joto! Na yale manyoya?"

"Atanyolewa!"

Wakacheka, wakanyang'anyana kitabu wakitafuta picha ya kondakta. Yudith hakujua afurahi au awanyamazishe. Maktabani watu hukaa kimya. Hapo hapo Bwana Jafari akachungulia.

"Mama Alen, hapa ni maktaba au ni mnadani?"

"Hata mimi sijui, Bwana Jafari. Lakini wanasoma."

Bwana Jafari alisimama kidogo. Aliwaona watoto watatu wamekiinamia kitabu kimoja, vichwa vikigusana. Akaufunga mlango taratibu ili kelele zisitoke.

Wiki iliyofuata walikuja kumi na mmoja. Watatu wale walikuwa wamewasimulia wenzao. Yudith hakuwauliza tena kama wameelewa. Aliwaambia wamsimulie.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikuja watoto ishirini na wanane, wengine na wadogo zao mgongoni. Bwana Jafari aliwahesabu mara mbili. Kisha akawaambia wale wa kidato cha nne kwamba meza zao zitawekwa upande wa pili, ukumbini.

Yudith alikuwa katikati ya hadithi mpya. Alifunua ukurasa, akaendelea. Dotto akasimama, mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Samahani mwalimu. Umeruka."

Yudith aliangalia. Kweli, kurasa mbili zilikuwa zimegandana. Watoto wote walimtazama, wakisubiri kuona kama Dotto atagombezwa.

Yudith alizitenganisha polepole. Alivua miwani, akaifuta, maana ilikuwa imeingia unyevu. Kisha akampa Dotto kitabu.

"Njoo ukae hapa mwanangu. Tuanzie ulipoona wewe."