Ziwa la Efraim

Niwieni radhi mapema, kabla hamjaanza kunung'unika. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Mwanzo nitauchelewesha, katikati nitachekesha pasipohitajika, na mahali pa kunong'ona nitapiga kelele, maana koo hili nilipewa kwa ajili ya kuita mbwa wanaokokota sleji juu ya theluji. Mimi nimezoea ukumbi wa kijiji uliojaa hadi watu wamekalia madirisha. Jioni hii ninayoisema, tulikuwa wawili tu katika bonde zima, na mmoja wetu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu.

Aliyeteguka ni Vibeke, Mdenmark, mtaalamu wa miamba. Mimi nilikuwa mlinzi wake dhidi ya dubu na mbeba mawe yake. Tulikuwa tumemaliza wiki tatu kambini, ndege ndogo ilikuwa inatufuata kesho yake asubuhi, na jiwe moja, lile alilolitaka kuliko yote, lilikuwa limebaki chini ya Jabali Jekundu, limefungwa kwenye gazeti. Aliniomba nilifuate kabla giza halijaingia. Nikamuuliza kama jiwe lenye umri wa miaka milioni mia mbili haliwezi kusubiri hadi kifungua kinywa. Akasema jiwe linaweza, rubani hawezi.

Nikachukua bunduki, nikaenda.

Ilikuwa mwanzo wa Septemba. Bata bukini walikuwa wameshahamia kusini. Upepo ulikuwa umekufa. Ardhi ilikuwa imeganda, na kila hatua yangu ililia kama mtu anayetafuna mkate mkavu. Nikaimba kidogo. Sauti ikaenda, haikurudi. Nikanyamaza.

Kazi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya binamu yangu Efraim. Tulilelewa nyumba moja, tukalala kitanda kimoja hadi yeye alipoota ndevu na mimi nikaota kitambi. Kila kiangazi kilipokwisha alirudi kutoka kwa wataalamu wa miamba akiwa na maneno mapya. Alikaa jikoni kwa dada yake Dorthea, akasogeza bakuli la nyama ya sili, akapanga vipande vya mkate kimoja juu ya kingine, akatueleza. Kwamba pale penye Jabali Jekundu palikuwa na ziwa. Ziwa la vuguvugu. Mito ilipofurika ilileta mchanga; maji yalipotulia, matope laini yalishuka taratibu juu ya mchanga. Jua lilipokuwa kali, ziwa lilikauka, matope yakapasuka kama midomo ya mgonjwa. Halafu mafuriko tena, mchanga tena, matope tena, miaka isiyohesabika, tabaka la juu likilikandamiza la chini hadi yote yakawa jiwe. Na nchi yenyewe, alisema, wakati huo haikuwa huku kwenye barafu. Ilikuwa mbali kusini, ikasogea polepole kuja kwetu, na ziwa lake tumboni.

Sisi wawinda sili wa baharini tukamuuliza nani aliyekuwa anaisukuma.

Sasa, kwetu majira ya baridi huchezwa ngoma ya nyuso. Mchezaji hujipaka masizi, huchora mistari myekundu, hujaza vijiti mashavuni, hutisha watoto na kuwadhihaki wakubwa. Ina sheria moja tu: ukishamdhihaki mtu, unampa ngoma mkononi, naye anakujibu. Ukumbi unamcheka yeye, kisha unakucheka wewe, mnakwenda nyumbani mkiwa sawa.

Mwaka mmoja nilimcheza Efraim. Nilitoka na chupi ya kuogelea, nje barafu ya kuvunja meno, nikaogelea sakafuni katika ziwa la vuguvugu, nikawasalimu mamba kwa majina ya wazee wa kijiji. Watu walilia kwa kucheka. Mchungaji alishika ukuta. Efraim akasimama, akanyoosha mkono apewe ngoma.

Sikumpa. Watu walikuwa bado wanacheka, nikaendelea.

Alisimama pale na mkono wake mtupu. Kisha akavaa viatu vyake vya ngozi ya sili, akatoka. Asubuhi nyayo zake zilielekea milimani, hazikurudi.

Anayebeba aibu yake hivyo akaenda kuishi peke yake milimani tunamwita qivittoq. Si maiti, si mtu. Wanasema anasikia mazungumzo kutoka mbali sana, na hawezi kukaribia nyumba. Miaka minne ilipita. Hatukupata mfupa. Mimi nikachukua kazi yake, na kiangazi cha kwanza tu Vibeke alinionyesha mawimbi madogo yaliyogeuka jiwe, na vishimo vya matone ya mvua iliyonyesha kabla binadamu hajakuwapo. Efraim hakuwa ametunga hata neno moja.

Julai mwaka huu Dorthea alipata mjukuu, wa kiume. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, na marehemu anarudi nyumbani ndani ya jina hilo: anabebwa, anaimbiwa, analishwa. Dorthea alilitaka jina la kaka yake. Lakini jina la mtu aliye hai halichukuliwi. Ukilichukua, yule aliyeko nje unamwacha hana hata kitu cha kuitwa. Ubatizo ulikuwa Jumapili, siku tatu tu baada ya mimi kurudi. Siku ninaondoka Dorthea alinifuata hadi gatini, mtoto kifuani.

"Justus, wewe ndiye unayekwenda alikokwenda," aliniambia. "Niletee neno moja tu. Yu hai, au amekufa. Kwa uliyomfanyia, hilo tu nakuomba."

Wiki tatu nilitafuta. Nilipekua kila pango. Sikuona hata kifungo cha shati.

Jioni ile nilifika chini ya jabali mwanga ukiwa wa kijivu. Matabaka yalikuwa juu yangu, jekundu, la kijivu, jekundu, kama blanketi zilizokunjwa za nyumba isiyo na watu. Gazeti nililiona. Nikainama kulichukua.

Harufu.

Matope ya joto. Na majani yanayooza. Maisha yangu yote harufu ile nimeinusa mahali pamoja tu, kwenye chungu cha maua dirishani kwa nesi. Bonde lile halina hata nyasi ya kufika goti...

Kisha sauti. Chubwi... chubwi... Vimawimbi vinavyogusa ukingo. Ghuba ya bahari ilikuwa nusu siku kwa miguu.

Nikataka kurudi nyuma. Buti langu likazama.

Ardhi ambayo asubuhi ile kambini ilikuwa imepindisha kigingi cha hema ilikuwa laini kama uji. Nyekundu. Na ya uvuguvugu. Niliihisi kupitia buti. Juu yake palikuwa na nyayo za mtu mmoja, za viatu vya ngozi visivyo na kisigino. Zilitoka kulia kwangu, zikapita karibu kabisa na mkono wangu ulioshika gazeti, zikaishia kwenye jabali. Hapo palikuwa na viatu vyenyewe. Vimevuliwa. Vimepangwa vizuri.

Sikutaka kuinua macho.

Nikainua.

Alikuwa ameketi juu ya tabaka lililochomoza, usawa wa kifua changu, amenipa mgongo nusu. Suruali ameikunja hadi magotini. Baridi ile. Miguu yake ilikuwa inaning'inia, na kuanzia kwenye vifundo kushuka chini... sikuiona. Si kwamba ilikatika. Ilififia, kama mguu unavyofifia ndani ya maji machafu. Aliitikisa kidogo. Ukutani, ndani ya jiwe, duara likatanuka. Likafuata jingine.

"Justus," alinong'ona. Hakugeuka. "Maji ni vuguvugu leo."

Nililijua swali langu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki tatu, ndani ya begi la kulalia, juu ya mteremko, mbele ya kioo cha kunyolea. Neno moja tu. U hai? Nikafungua mdomo.

"Ndugu yangu," nikasema, "ungenipa taarifa ningekuja na taulo."



Vimawimbi vilinyamaza.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

Alikuwa anacheka. Kicheko kile kile cha kitandani, tulipokuwa wadogo, cha kuzika uso kwenye mto ili shangazi asisikie. Alicheka hadi akainama mbele, akaendelea kuinama, na kicheko kikashuka. Kikatoka tabaka jekundu, kikaingia la kijivu. Kikashuka tena. Kila kilipopita tabaka kilikuwa kizito zaidi, cha mbali zaidi, kama kuna kitu kinakikandamiza kutoka juu. Kikafika usawa wa magoti yangu. Kikapita chini ya nyayo zangu, nikakisikia ndani ya mifupa. Kikaenda chini... chini...

Kikaisha.

Ardhi ilikuwa ngumu tena. Buti langu lilishikwa ndani yake hadi kifundoni, nikalazimika kulipiga na kitako cha bunduki. Juu ya lile tabaka hapakuwa na mtu, na viatu havikuwapo.

Kambini Vibeke aliuona uso wangu, akanimiminia kahawa, akanisikiliza, akasema ukungu na uchovu vimewachezea watu wengi wenye akili kuliko mimi. Kisha akaliona buti. Akakwangua, akatazama kwa lenzi yake muda mrefu. Akasema ni matope ya ziwa. Akasema yanafanana kabisa na yale yaliyolifanya jabali, ila haya hayajawahi kukandamizwa. Nikamuuliza ziwa gani. Aliyatia kwenye mfuko, akachukua kalamu ya kuandikia namba ya sampuli, akakaa nayo mkononi, kisha akairudisha mfukoni bila kuandika kitu. Usiku ule alinisihi nisizime taa.

Nyumbani nilimsimulia Dorthea yote. Hakunikatiza. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake.

"Anayecheka hivyo," aliuliza mwishoni, "ni mzima au ni marehemu?"

Nikamwambia sijui.

Jumapili mtoto akabatizwa jina la babu wa upande wa baba. Dorthea anampenda, lakini anamsemesha kwa adabu, kama mgeni aliyefikia nyumbani kwake. Siku zisizo na upepo hufungua dirisha la jikoni, baridi ikaingia yote, akauliza swali lile lile kuelekea milimani, kwa sauti ya chini. Kisha anasubiri. Kisha anafunga.

Siku moja alinigeukia, akataka kujua kicheko kile kilichukua muda gani. Nikasema kama dakika nzima. Akasema dakika ni ndefu, neno moja lingepita. Nikajitetea kwamba hofu ilinifunga ulimi, kwamba swali lilinitoka kichwani.

Ni uongo. Swali nilikuwa nalo mdomoni muda wote. Nilikuwa nasubiri amalize kucheka.